Kitanda cha Kuchangiwa

Shoga, kesho usimpeleke mwanao hospitali kabla hujanisikia!

Si unajua hospitali yetu ya mkoa haina hela, vitanda vyenyewe tulichangiwa na majirani? Basi yule fundi cherehani kaja wodini kudai chake. Eti, "Dada, nimepata wageni, watalala wapi?" Wageni! Na mwanangu yuko juu ya kitanda hicho na dripu!

Namwita nesi anitetee. Ananiambia, "Mama, kitanda ni chake. Dripu ndiyo yetu."

Dripu ndiyo yetu!!

Nikasema hashuki mtu hapa. Fundi na nesi wakakibeba kitanda, mwanangu juu.

Sasa hivi tuko sebuleni kwa fundi. Dripu imetundikwa kwenye fimbo ya pazia, wageni wako chini wanampa mwanangu pole.

Ukija, beba kitanda chako. Na usipitie hospitali, daktari naye kamfuata mgonjwa wake huku.