Nyuzi za Bluu Katika Maji ya Mamba

Arusha,
26 Agosti 2025

Kaka Loth,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani, wewe, wifi Wema na watoto? Tangawizi imeshikaje baada ya ukungu wa mwezi uliopita? Na Mama je, anapata usingizi? Mimi ni mzima wa mwili. Barua hii naituma kwa basi la Same ili ikufikie kabla ya Jumapili.

Kazi yangu unaijua, ila naieleza tena ili yanayofuata yaeleweke. Plastiki haiozi, hukatikakatika mpaka vipande visivyoonekana kwa macho, vikaingia kwenye maji na udongo. Mimi natafuta kama chembe za nano za chuma, ndogo kuliko vumbi lolote, zinaweza kuvinasa, kisha sumaku ikavitoa. Kwanza lazima nijue vipo vingapi. Ndiyo maana mwezi wa tano nilichota maji kwenye mifereji ya mpunga Ndungu, kisha nikapanda mlimani kwetu Mamba kuchota kwenye tangi lenu la kijiji.

Majibu yalinishangaza. Ndungu, ambako viroba vya mbolea hutupwa mferejini, plastiki ilikuwepo ya kutosha. Tangi la Mamba lilikuwa nayo mara nne zaidi, nyingi ni nyuzi nyembamba za bluu. Nilipaswa kurudia kipimo. Badala yake nilimpigia mwenyekiti wa kijiji, mzee Majaliwa, nikamwambia maji yana plastiki na huenda inatoka kwenye mabomba. Nilitaka nionekane msomi aliyekumbuka kwao.

Yaliyofuata yamekupata wewe. Watu walisema ulichagua mabomba duni, wakakuvua uenyekiti wa kamati ya maji baada ya miaka sita ya msaragambo, kijiji kizima kikichimba mitaro kwa kujitolea. Bomba likafungwa, kijiji kikarudi kuchota bondeni. Uliniambia hata aliyechimba mtaro pamoja nawe hakusalimii tena. Hukunilaumu. Ulisema kama kipimo kimesema, basi kimesema.

Mwezi wa saba fundi wetu wa maabara, Salehe, alipitia daftari langu akaniuliza iko wapi chupa ya kulinganishia. Hiyo ni chupa ya maji safi ambayo hufunguliwa palepale unapochota, ili ijulikane kama kuna uchafu unaotoka kwa mchotaji mwenyewe. Nikamjibu kuwa Ndungu niliifungua, lakini Mamba niliiacha kwenye gari kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja. Akauliza nilivaa nini. Ndungu kulikuwa na joto, nilivaa fulana ya pamba. Mamba nilivaa sweta langu la mtumba, la bluu. Salehe akaniambia, “Lilete, dada.” Akachomoa uzi mmoja, akauweka chini ya hadubini pamoja na zile za tangi, kisha akanipisha nitazame.

Zilikuwa sawasawa, maana sweta lile limefumwa kwa nyuzi za plastiki. Yule mgeni aliyekuja baadaye kuchota maji kwenu bila kueleza sababu alikuwa ni Salehe, nilimtuma arudie kipimo. Safari hii maji yalikutwa na chembe chache mno za plastiki, pungufu sana kuliko za Ndungu. Mabomba yako hayana kosa, Kaka. Plastiki ile niliileta mimi.

Lililobaki ndilo zito zaidi. Majibu hayo niliyapata tarehe sita mwezi huu. Tarehe tisa ulinipigia kwamba Mama ameteleza njia ya bondeni na ndoo kichwani, mkono umevunjika. Nilikuwa nimeshajua kuwa hakuwa na haja ya kushuka kule. Nikasema pole, nikakata simu. Niliogopa kupoteza ufadhili wa utafiti wangu, nikaogopa aibu. Nimenyamaza siku ishirini. Sikupiga simu leo kwa sababu ungenisamehe kabla sijamaliza.

Jana nilimweleza msimamizi wangu. Ripoti ameisimamisha, kuhusu ufadhili bado hajasema. Mzee Majaliwa nimemwomba aitishe mkutano Jumapili baada ya ibada. Nitasimama mimi, niombe bomba lifunguliwe na wewe urudishiwe heshima yako. Tafadhali usinitetee. Mama usimwambie chochote. Nitafika Jumamosi, nitakaa naye chini nimweleze kwa kinywa changu, na atakalosema nitalipokea.

Wasalimie wifi na watoto, na baba mdogo. Usihangaike kuja kunipokea, nitachukua bodaboda.

Ni mimi mdogo wako,
Koleta