Mifuko Kumi na Moja ya Fufu

Jumanne, 9 Oktoba 2012

Mvua tangu alfajiri. Gari la kaka Apollinaire limetoka Walikale saa tatu kwenda Masisi, limejaa mafuta ya mawese na watu. Guylain kwenye usukani. Feuille ya gari, karatasi ya mizigo, nimeandika mimi, kama kawaida: bidoni za mawese themanini, mifuko ya unga wa fufu kumi na moja.

Fufu yenyewe hakuna! Mifuko hiyo ni watu. Kila anayepanda juu ya mizigo namwandika mfuko mmoja. Wenye bunduki kwenye barriere, kizuizi cha barabarani, wanatoza kila kichwa cha mtu, mfuko hawausumbui sana. Barriere ikikaribia, watu wanashuka, wanazunguka porini, wanapanda tena mbele. Na kaka akisoma feuille anajua shofere amebeba wangapi. Akili yangu hiyo, mwaka wa pili sasa. Najivunia, kwa nini niseme uongo.

Abiria wenyewe wanapenda. Leo Mama Nyirabagenzi, mkulima wa Masisi aliyeleta maharage yake huku, kanichokoza: "Kanyere, uniandike fufu ya muzuri, siyo ile ya kuoza!" Tumecheka mpaka Guylain akapiga honi.

Jumatano, 10 Oktoba

Gari limepinduka. Jana, kwenye mteremko kabla ya Mpofi. Kaja mtu wa pikipiki kutuambia, ametapakaa tope, potopoto mpaka kifuani. Freni zilikataa kufunga. Gari limelala ubavu, bidoni zote juu ya watu. Juu ya watu!

Guylain kakimbilia porini. Mashofere wote hukimbia, wanaogopa kupigwa mawe.

Kaka aliniuliza kwanza kama feuille ilipigwa muhuri. Ndipo akauliza watu. Nilimchukia dakika nzima. Halafu akaketi chini dukani kwake, palepale sakafuni kati ya magunia ya chumvi, akashika kichwa, na sikuweza kuendelea kumchukia.

Alhamisi, 11 Oktoba

Wanane wamefika hospitali hapa Walikale. Watu wa Mpofi wamewabeba kwa machela, wakipokezana njia nzima. Wawili hawakuumia, wameendelea kwa miguu kwenda Masisi.

Mama Nyirabagenzi amekatwa mguu wa kulia, juu ya goti. Daktari anasema mguu ulikuwa umeshakufa. Mume wake Ngabo yuko ng'ambo ya eneo la mapigano, hata simu haipiti.

Na mmoja amezikwa Mpofi. Hakuna aliyemjua. Mkuu wa kijiji aliuliza kama kuna karatasi yenye majina, wamwandikie hata msalaba. Karatasi ilikuwepo. Wakamsomea: mifuko ya fufu. Namkumbuka yule mtu, alikuwa na kofia ya kijani. Aliniuliza kama watafika kabla ya giza. Nilimwambia watafika.

Jumapili, 14 Oktoba

Misa. Padri amewaombea waliopata ajali. Sikwenda kukomunika. Kaka alikwenda.

Jumanne, 16 Oktoba

Kuna mama mmoja, Joséphine-Marie, wa chama kinachosaidia watu katika mambo ya sheria. Leo alikuwa hospitali, anapita kitanda kwa kitanda na daftari lake. Nilikuwa nimeleta uji, nikasimama pembeni kama mwizi.

Anasema mtu aliyeumizwa na gari ana haki. Si huruma ya mwenye gari, haki. Asiransi, bima ya gari, inapaswa kulipa matibabu, na aliyepoteza kiungo afidiwe kwa sababu hatafanya kazi kama zamani. Lakini kwanza PV, taarifa ya polisi, ithibitishe kwamba alikuwa abiria wa gari hilo. Majeruhi wanasema walipokelewa na kupandishwa hapa Walikale. Kaka amewaambia polisi kwamba walidandia njiani bila ruhusa. Karatasi iko upande wa kaka. Karatasi inasema fufu.

"Fufu haina miguu," amesema yule mama. Hakuwa anatania, wala hakujua kwamba mimi mwandishi nimesimama nyuma yake na sufuria ya uji. Moto ulinipanda usoni.

Jumatano, 17 Oktoba

Nimegombana na kaka. Guylain amerudi kutoka porini, amekonda, anasema lolote analoambiwa aseme. Nilimuuliza mbele ya kaka: freni, ulijua? Akatazama chini. Ni kaka aliyejibu. Guylain alimwambia wiki moja kabla. Vipuri viko Goma, njia imefungwa na vita, angefanya nini? Yeye alimwambia Guylain aende polepole.

Polepole! Kwenye mteremko wa Mpofi, na mvua ile!

Kaka amenitaka niwaambie polisi kwamba walidandia. Basi, neno moja. Nikisema nilikuwa nawaandika fufu kwa mkono wangu, gari litakamatwa, yeye ataingia ndani, na mimi pamoja naye, maana kuandika uongo kwenye feuille ni kosa. Gari la kwanza lilichomwa na watu wenye bunduki. Hili ndilo lililobaki.

Watoto wangu wanne wanakula kwake tangu baba yao auawe. Hilo hakulisema. Apollinaire hajawahi kulisema hata siku moja.

Ijumaa, 19 Oktoba

Nimekaa na Mama Nyirabagenzi mchana kutwa. Nilikwenda ili anitukane. Ningetukanwa ningepumua.

Hakunitukana. Alisema: "Mi njo nilikuomba uniandike fufu. Siyo weye." Halafu akawa anatazama pale shuka inapolala bapa. Akaniuliza kitu kama mtu anayeuliza bei sokoni: "Shamba yangu yote iko mu mulima, Kanyere. Mulima ya kusimama, hata mbuzi inateleza. Na muguu moja, nitasimamia wapi nikilima?"

Nilimwosha mikono, nikamchana nywele. Nilipokuwa naondoka akanishukuru. Nimelia njia nzima, watu wakadhani nimefiwa.

Jumatatu, 22 Oktoba

Convocation, wito wa polisi, imefika. Kesho saa nne, kwa OPJ, yule afisa anayeandika kesi. Jina langu wamekosea, wameandika Kanyele. Kwa dakika moja nilifikiri: basi si mimi! Mpumbavu.

Kaka hajanisemesha tangu Jumatano. Asubuhi amewalipia watoto daftari mpya.

Jumanne, 23 Oktoba

Kwa OPJ. Naandika haya kwenye benchi uani.

Hakunipigia kelele. Aliweka feuille mezani, akauliza: "Mama, hii mwandiko ni ya nani?" Nikasema yangu. "Na hii fufu iko wapi?" Nje mtu alikuwa anapasua kuni, nikahesabu mapigo. Halafu nikasema: iko hospitali. Sijui lilitoka wapi neno hilo.

Amenipa karatasi nyeupe, niandike waliopanda, mtu kwa mtu. Chini kabisa jina la aliyewapandisha na saini yake. Bila saini, kasema, hiyo ni barua tu, anaweza kufungia karanga. Ameenda kula.

Nimeanza na Nyirabagenzi. Majina tisa yaliyofuata nilipewa na majeruhi hospitali. La kumi na moja sina. Nimeandika: mwanamume, kofia ya kijani, amezikwa Mpofi. Nimeshangaa jinsi watu kumi na mmoja wanavyojaza karatasi. Kwenye feuille walikuwa mstari mmoja.

Sasa imebaki chini. Nimeshaandika Kanye. Mkono umegoma hapo. Nawaza watoto, nawaza kaka ndani, nawaza ule mlima.

Anaingia uani. Apollinaire. Ana mkate na soda mkononi. Hana hasira usoni, heri angekuwa nayo. Ameketi karibu nami. Ameiona karatasi, ameisoma yote mpaka chini, midomo ikicheza.

Ameniuliza kama nimekula.