Sauti ya Juu ya Masika

Jumamosi, 3 Mei
Mazoezi tangu asubuhi, uani kwetu Majengo. Kaka yetu Kambale sauti ya chini, mimi katikati, mdogo wetu Masika juu. Mwaka wa tisa huu tunaimba watatu. Leo Masika alikatika pumzi mara mbili kabla mstari haujaisha. Kambale akakasirika. Mimi niliiona shingo ya Masika. Uvimbe umekua, kitambaa anachojifunga hakiufichi tena.

Jumanne, 6 Mei
Nimempeleka hospitali. Dokta anasema ni rovu, linabana koo, litolewe upesi. Akasema pia mshipa wa sauti unapita jirani kabisa na mahali pa kukata. Wengi hupona vizuri. Wachache hawaimbi tena. Masika akajifunga tena kitambaa chake shingoni.

Alhamisi, 8 Mei
Ugomvi nyumbani. Tamasha ni tarehe 31, na mtayarishaji wa muziki anatoka Kampala kuja kutusikiliza. Kambale hataki operesheni kabla ya hapo.
"Wiki tatu tu, mutoto ya mama. Bila wewe sisi ni nini?"
Masika akanigeukia mimi, dada yake mkubwa. "Yaya Kavira, unasema nini?"
Nikamwambia aamue mwenyewe. Uoga mtupu. Nalitaka hilo tamasha kama Kambale. Nina miaka thelathini, nimechoka kuimba kwenye harusi za watu.
Akasema atangoja.

Jumapili, 18 Mei
Masika analala ameketi. Akilala chali anakosa pumzi. Tonge la fufu halipiti kooni, anakunywa uji. Mama anasali rozari. Mimi napiga pasi magauni ya tamasha.

Jumatano, 28 Mei
Dokta alinipigia simu. Sikupokea.

Jumamosi, 31 Mei
Ukumbi ulijaa mapema mchana. Nyimbo mbili za kwanza, hatujawahi kuimba vile. Sauti yake ilipanda mpaka mwili ukanisisimka. Wimbo wa tatu akanyamaza katikati, akashika koo. Midomo imebadilika rangi. Watu wakapiga makofi, walidhani ni mchezo wa jukwaani. Tulimpakia kwenye pikipiki, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Nilihesabu pumzi zake hadi hospitali. Zilikuwa chache.

Jumatatu, 2 Juni
Walimpasua palepale. Yu hai. Dokta anasema rovu lilikuwa limeuzunguka mshipa, na wiki tatu nyuma kazi ingekuwa nyepesi. Alisema kwa upole. Heri angenitukana.

Jumanne, 24 Juni
Sauti haijarudi. Ni mnong'ono tu, kama mtu anayepuliza moto. Yule wa Kampala ametuma ujumbe: tutafute msichana mwingine. Kambale alimleta leo binti mmoja wa kwaya. Anaimba vizuri. Masika alikuwa ndani, dirisha wazi, anasikia yote.
Nikakataa kuimba. Binti wa watu akaondoka na aibu isiyo yake.
"Unaua kikundi!" Kambale akanifokea.
"Tulishakiua, Kambale. Mimi na wewe."
Akaketi juu ya mawe ya uani, akalia. Sijamwona akilia tangu tumzike papa, baba yetu.

Alhamisi, 26 Juni
Nilimwambia Masika kweli yote. Kwamba nilitaka tamasha. Kwamba dokta alipiga simu nikaiacha ilie.
Akanong'ona, "Ningeweza kukataa, yaya. Nami nililitaka." Akageukia ukuta. "Lakini usiniombe musamaha leo."
Sikuomba.

Jumapili, 13 Julai
Misa ya kwanza tangu atoke hospitali. Tulisimama watatu benchi moja, Masika kati yetu. Wimbo ulipoanza nikafunga mdomo. Kambale naye. Masika alitutazama, huyu kisha yule. Akanifinya mkono, kwa nguvu, ukaniuma.
"Imba," akanong'ona.
Nikaimba sehemu yangu. Kambale akaingia chini. Mahali pa Masika, pale juu, tulipaacha wazi.
Tukarudi nyumbani kwa miguu. Mama alikuwa amepika fufu na samaki wadogo, sambaza. Masika amekula fufu, taratibu, akamaliza.