Nazi Ambayo Sikuikuna

Jabal Akhdar,
Alhamisi, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Bi Rahel, mgeni wetu wa chumba cha mwisho, ameniambia leo saa mbili asubuhi, mkono wake ukiwa kwenye mlango wa gari, kwamba hajanisamehe. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya barabara. Nakuandikia kwa sababu kosa lenyewe linakuhusu na wewe.

Kwanza, u hali gani? Kaka Hamadi alinambia umebadilishiwa dawa za presha. Kama zinakupa kizunguzungu rudi kwa daktari, usingoje siku yako ifike. Mimi ni mzima wa mwili. Huku mlimani baridi ya asubuhi imeanza, makomamanga yanachumwa, na nyumba ya wageni haina chumba kitupu.

Bi Rahel ni Myahudi. Kazaliwa Nairobi na kukulia huko, akaolewa Ulaya, na sasa ni bibi wa miaka sabini na kitu. Mwanawe anafanya kazi Maskati. Yeye na mumewe walikuja kumtembelea, kisha wakapanda huku kufanya sikukuu ya mwaka wao mpya, ambayo huangukia msimu huu na huchukua siku mbili. Nyama walikuja nayo, imechinjwa kwa taratibu zao. Masufuria walinunua mapya Nizwa. Kwetu walitaka vile vyakula vidogo vya kuizunguka nyama: tende, kunde, mumunye, karoti, vitunguu majani, komamanga. Kila kimoja kina dua yake kabla hakijaliwa. Sharti lilikuwa moja. Maadamu mezani pana nyama, chakula kisiingie maziwa, siagi wala samli.

Jumatatu alasiri alishuka jikoni akawasha moto kwa mkono wake, kwani ndivyo dini yao inavyotaka, kisha akaniachia mimi nipike.

"Kunde utazipika aje?" aliniuliza kwa Kiswahili chake cha Nairobi.

"Kwa nazi."

"Nazi? Wewe Mama Zanzibar unataka nisirudi kwangu." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Lakini ni nazi yenyewe? Hakuna maziwa ndani, hata tone?"

"Nazi tupu. Nimeikuna kwa mkono wangu."

"Basi siulizi tena."

Mama, mwaka wa sita huu sijakuna nazi. Tui langu ni la unga wa pakiti, nachanganya na maji ya moto. Ile mbuzi ya kukunia uliyonifungia ndani ya kanga siku naondoka, Bwana Khalfan, mwenye nyumba hii, ameitundika ukutani pale wageni wanapopokelewa, na huwaambia kwamba mpishi wake hafanyi mambo ya mkato. Mimi husimama pembeni yake nikatabasamu. Na wewe nimekwambia kwenye simu, si mara moja, kwamba mabega yananiuma kwa kukuna. Ukanipa pole. Pole ile niliipokea.

Kwa hiyo Jumatatu sikuongopa kwa kubanwa. Hakuna aliyenilazimisha kutaja mkono. Ningeweza kusema "ya pakiti" na kunde zingepikwa kwa mafuta na kitunguu, na zingekuwa nzuri tu. Nilisema kwa sababu nimezoea kusema.

Jumanne asubuhi, nikitoa taka, nilisoma maandishi ya nyuma ya pakiti kwa mara ya kwanza tangu nianze kuzinunua. Mstari wa tatu: protini ya maziwa. Nilisoma Kiarabu, kisha Kiingereza. Vyote vinasema hivyo hivyo. Usiku uliopita walikuwa wamekula kunde zile pamoja na nyama yao, na bakuli lilirudi limekombwa. Juu ya hayo Bi Rahel alikuwa ameagiza zipikwe tena kwa mlo wa usiku wa pili.

Nikampelekea Bwana Khalfan pakiti. Huyu kazaliwa Tabora, amekuja huku na wazee wake akiwa mdogo, na hakuna jambo linalomtoa kwenye kiti. Aliisoma akiwa ameweka kikombe cha kahawa juu ya goti.

"Wamekula?"

"Wamekula."

"Wamefurahi?"

"Wamefurahi."

"Khalas. Dhambi ya asiyejua haiandikwi. Ukimwambia utamharibia bibi wa watu sikukuu yake. Natuma mtu Nizwa alete nazi tatu, leo ukune kweli, na uongo wako utakuwa umekwisha wenyewe."

Nilikubali, mama. Nataka ulijue hilo kama lilivyokuwa. Sikubishana naye hata kidogo, nilimshukuru. Nilishusha mbuzi ukutani, nikaisugua kutu kwa ndimu na chumvi, nikakaa chini. Nazi ya kwanza nilijikata kidole. Nilipofika ya tatu mkono ulikuwa umekumbuka.

Magharibi ilipoingia Bi Rahel alishuka kuangalia jiko. Lilikuwa linawaka tangu jana, kwani wao katika sikukuu hawawashi moto mpya, huutumia uleule. Akaiona mbuzi, akaona chicha la nazi kwenye sinia, akavuta kiti.

"Kumbe ndiyo hivi," akasema. "Jana nilimwambia mume wangu, yule mama amekaa chini akatukunia nazi, sisi watu hatujui hata jina lake la baba. Nilipoomba dua ya kunde, kwamba mema yetu yaongezeke, nilikutaja na wewe."

Nikaweka chini kifumbu nilichokuwa nachujia tui.

"Bi Rahel, hii ndiyo nazi ya kwanza niliyowakunia. Ya jana ilikuwa ya pakiti, na pakiti ina maziwa."

Akaniuliza: "Ulijua?"

"Maziwa sikujua. Pakiti nilijua."

"Ungesema pakiti, ningekuomba niisome. Mimi husoma pakiti zote, mume wangu ananicheka dukani. Uliniambia mkono wako." Akanyanyuka, akakirudisha kiti mahali pake. "Leo usitupikie kitu."

Usiku ule walikula tende, komamanga, tufaha na asali, basi. Hata nyama hawakuipasha, kwa kuwa masufuria yao yalikwisha kuingia maziwa. Kunde zilibaki jikoni. Bwana Khalfan alikula sahani mbili akasema hajawahi kuonja tamu kama hizo kwangu. Hakukusudia kunichoma, ila alisema kweli. Mimi sikuweza kuzionja.

Leo asubuhi niliwasindikiza mpaka garini, nikamwomba msamaha mbele ya mumewe, kwa maneno machache. Alinijibu hivi: "Nikisema leo nimekusamehe nitakuwa nasema uongo, na uongo tumeshakula wa kutosha. Baada ya siku chache tunafunga. Kabla ya funga ile watu wanamalizana, kwa sababu Mungu hasamehi la mtu na mtu mpaka mwenyewe asamehe."

"Na kwetu ni hivyo hivyo."

"Basi unaelewa kwa nini siwezi kulisema haraka." Akachukua namba yangu, akaiandika kwenye karatasi.

Sikukupigia simu, mama, kwa sababu kwenye simu ungesema "si kitu mwanangu" kabla sijafika kwenye mabega yanayouma. Kwenye barua huwezi kunikatiza. Miaka sita nimekula pole yako kwa kazi nisiyoifanya, na ningeendelea kuila kama mgeni asingenitaja kwenye dua yake.

Barua anaileta binti wa jirani yetu anayeruka kesho kuja Unguja, utaipata Jumamosi. Nisalimie shangazi Mwanaisha, mwambie mtandio wa sufu nimeupata. Nisalimie wifi Zuhura na wanawe. Kaka Hamadi, wewe ndiye utakayemsomea mama. Tafadhali usiruke mstari wowote kwa kunionea haya.

Bi Rahel amesema atapiga Jumatano, saa nne asubuhi. Jioni yake funga yao inaanza. Nakuomba, mama, usinipe jibu lako la msamaha kabla ya lake. Nipigie Jumatano hiyo baada ya adhuhuri.

Mwanao,
Asya