Chetezo na Nebulaiza

Jumatano, 9 Julai

Asubuhi kama kawaida: chai, redio, kisha mgongo wa Zuhura. Mjukuu wetu ana pumu, nami huutegea sikio kabla hajaenda chekechea. Leo kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Tukampeleka hospitali ya Msambweni, mimi na mke wangu Mwanaidi. Nesi akamvisha barakoa ya nebulaiza. Ni mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa ukungu mwembamba, ivutwe hadi ndani ya mapafu. Filimbi ikapotea. Mwanaidi hakuuondolea macho ule ukungu.

Alhamisi, 10 Julai

Nimetoka msikitini baada ya Isha, nyumba imejaa moshi. Sikushtuka. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa tunafukiza. Lakini Zuhura alikuwa amefunikwa kanga, chetezo cha ubani mbele yake. Mbavu zinabonyea. Hawezi kulimaliza neno "babu".

Jirani akatoa tuktuk yake.

Naandika kwenye benchi la hospitali. Mashine inanguruma. Naogopa.

Ijumaa, 11 Julai

Amepumua. Alhamdulillahi. Alfajiri akaomba uji.

Nesi aliuliza nyumbani kulitokea nini. Mwanaidi akajibu mwenyewe, kwa sauti ndogo: "Niliona mashine yenu yamfukiza, akapata nafuu. Nikasema nami nimfukize kwetu."

Nesi hakumcheka. Alisema si yeye wa kwanza.

Njiani nikaanza kueleza. Moshi hubana njia za hewa. Ule ukungu ni dawa, huzifungua. Mwanaidi akanikata.

"Mwalimu, watoto wa watu umewasomesha hadi ukastaafu. Mimi ulikuwa unisomeshe lini?"

Nikacheka. Naye akacheka, huku machozi yanamtoka.

Jumapili, 13 Julai

Zuhura anakimbiza kuku. Dawa ya kuvuta tuliyopewa hospitali anaishika bibi yake, haniachii.

Jioni nimemsikia akiwaeleza wenzake wanaolima mwani hapa Kibuyuni tofauti ya moshi na ukungu. Ameeleza vizuri, na kwa ufupi kuliko mimi. Imeniuma kidogo.

Alhamisi, 17 Julai

Nimerudi kutoka Isha. Nyumba hainuki kitu. Chetezo kiko uani, kimetiwa maji ya kuku.

Zuhura amelala. Nimeutegea sikio mgongo wake. Kimya. Pumzi tu, inaingia na kutoka.

Nimeliacha sikio palepale kwa muda.