Sentimita Ishirini na Saba

Jumatatu, 3 Juni

Iandikwe leo, mbele ya cherehani moja na paka asiye na haraka: mimi, fundi wa nguo, nimeingia rasmi katika fani ya usafiri wa anga.

Mdogo wangu anarudi Jumamosi, baada ya miaka saba ughaibuni. Mama kaapa: tangu ndege iruke, hatakaa kitako mpaka mtoto akanyage ardhi. Eti mwanawe ananing'inia hewani, yeye akalie stuli? Na magoti yake hayo, yanayolia kama bawaba! Kaniuliza ni safari ya saa ngapi. Nikasema nitapima.

Jumanne, 4 Juni

Nimeazima tufe la dunia kwa mwalimu jirani. Limebonyea kidogo, upande wa baharini. Nikazungusha futikamba: sentimita mia kamili. Dunia ina kiuno cha mteja wangu wa Ijumaa! Mwalimu anasema mzunguko wote ni kilomita elfu arobaini. Basi kila sentimita ni mia nne. Nikavuta uzi mweusi toka mji wa mdogo wangu hadi mji wetu — ishirini na saba. Kilomita elfu kumi na mia nane. Ndege hukimbia mia tisa kwa saa. Jibu: saa kumi na mbili, bila pindo.

Kinyozi wa mlango wa pili kacheka. Yeye kasikia ni zaidi ya siku nzima. Nikamwambia apunguze nywele, saa aniachie mimi.

Mama kahesabu vidole. "Kumi na mbili naziweza, baba. Ukinidanganya, magoti haya utayabeba wewe."

Alhamisi, 6 Juni

Mama yuko mazoezini. Wima tangu chai mpaka adhuhuri, kaegemea kabati. Nikasema kuegemea ni nusu ya kukaa. Kanitupia kandambili. Shabaha bado anayo.

Jumamosi, 8 Juni

Ndege imeruka saa kumi na mbili asubuhi, kwa saa zetu. Mama wima.

Saa saba mchana — ujumbe: nimetua! Saa saba tu! Nikapiga vigelegele mwenyewe. Kinyozi kaja mbio, wembe mkononi, nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja. Mama kashika kiti, kainama, kafika nusu ya njia...

Ujumbe wa pili: hapa nabadilisha ndege. Nyingine inaondoka jioni.

Mama kanyanyuka. Magoti yamesikika mpaka barabarani.

"Mama, kaa basi. Si yuko ardhini sasa hivi?"

"Ardhi ya nani?"

"Fundi," kinyozi akasema, "uzi wako haukuiona tiketi?" Kisha kile kiti kakikalia yeye.

Nimeuliza huo mji wa kubadilishia unaitwaje, nikautafuta kwenye tufe. Uko karibu na pale palipobonyea. Nimevuta uzi upya, toka huko mpaka hapa. Mama kasimama nyuma yangu, ananipumulia shingoni, anataka kujua zimebaki saa ngapi.

Nimepima mara mbili. Sentimita thelathini na moja.