Ubao wa Kisima

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimepewa cheo! Mkutubi wetu, sote tunamwita Mama Vitabu, kanikabidhi vijikaratasi vya kupimia maji, zawadi ya maktaba rafiki ya ng'ambo. Kila Jumatatu nachovya kimoja kisimani. Kikibaki kijani, maji salama. Kikigeuka zambarau, hatari. Naandika daftarini, halafu kwenye ubao wa mlangoni, mtaa mzima usome. Mimi niliyeishia darasa la sita — Daktari wa Maji. Dada kasema daktari gani haogi.

Jumatatu, 10 Machi
Mvua ya kufa mtu. Sikwenda. Nimeandika kijani. Kisima ni kilekile, kitageuka soda?

Jumatatu, 17 Machi
Tena mvua, tena kijani. Mama Vitabu kanisifu mbele ya watoto wa maktaba, kaupiga picha ubao, kawatumia wa ng'ambo. Kichwa kimevimba, hakipiti mlangoni.

Alhamisi, 20 Machi
Mtoto wa dada anaharisha tangu juzi. Nikamuuliza dada kama anachemsha maji. Akaniangalia kama nimeota pembe.
"Si wewe uliyeandika kijani? Nichemshe ya nini?"
Nikacheka.

Ijumaa, 21 Machi
Nimekwenda kisimani kupima. Zambarau. Nikachovya kingine. Zambarau.
Mama mmoja kwenye foleni akaniuliza, daktari, yakoje leo? Mdomo wangu huu ukasema mazuri. Kwa nini? Sijui. Akajaza ndoo mbili.

Jumamosi, 22 Machi
Niko kwenye benchi la zahanati. Mtoto kalegea, macho yameingia ndani. Dada kamwambia nesi maji hayana neno, yanapimwa. Nesi kataka alione daftari kwanza, ajue aanzie wapi kutibu. Nikalifuata maktaba; Mama Vitabu kanipa kwa furaha, eti wakaone kazi yetu.
Nimekimbia nalo hadi hapa. Daftari langu la mambo yangu limebaki nyumbani, kwa hiyo haya nayaandika ukurasa wa mwisho wa daftari hilihili la maji. Nikikaa kimya, watatafuta ugonjwa mwingine. Nikisema, dada… Ukurasa huu naweza kuuchana kabla hawajausoma. Ni kuvuta tu.
Mlango wa chumba cha nesi umefunguka. Nesi kanyoosha mkono. Dada yuko nyuma yake, mtoto begani.
"Mpe basi, mdogo wangu. Unaandika nini tena?"
Naandika